Kioo Kinachoninyima Mume

Kibanda cha Chai,
Kando ya foleni ya malori,
Malaba.

Jumanne, 9 Septemba 2025. Asubuhi ya manyunyu. Mwamba wa Tororo haukuonekana hadi saa tatu.

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima. Barua hii ilistahili kwenda kwa kiwanda kilichotengeneza kioo cha dirisha langu, lakini chapa iliyo pembeni imefutika, imebaki nusu ya taji. Naomba uichape gazetini ili mwenye taji ajitambue, kwa maana bidhaa yake inaniharibia maisha kwa kukataa kuharibika.

Mimi ni mjane wa mwaka wa sita. Nauza chai na chapati hatua nane kutoka kwenye magurudumu ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Magurudumu hayo hurusha kokoto. Shajara yangu inaonyesha kwamba kati ya tarehe mosi Januari na 16 Machi nilivunjiwa vioo kumi na viwili, yaani kimoja karibu kila siku sita.

Tarehe 17 Machi fundi wa vioo Osukuku, mgane wa Amukura, aliniwekea kingine. Alipomaliza kukipangusa aliniuliza, mbele ya jirani yangu Truphena na madereva watano waliokuwa wakinywa chai, kama anaweza kuleta wazee wa kwao. Moyoni nilikuwa nimekwisha kubali, lakini mwanamke wa umri wangu hasemi ndiyo kabla chai haijapoa. Nikajibu, "Mzee Osukuku, siku jiwe litakapotoboa kioo hiki likaanguka juu ya meza hii, ndiyo siku utaleta wazee." Nilikuwa nimepiga hesabu: siku sita. Heshima ya kutosha.

Hakuniambia kwamba kioo chenyewe alikikata kutoka kioo cha mbele cha lori. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kioo hakitoboki. Jiwe la kwanza lilikuja 21 Machi, likaacha nyufa kama utando wa buibui, likarudi barabarani. Hadi leo kimepigwa mara kumi na tisa. Naitazama Malaba kama mtu aliyefunikwa kitambaa cha kufuma.

2. Nilimwuliza dereva Duncan sababu. Akasema, "Mama, hiyo si kioo moja, ni mbili, na katikati kuna plastiki. Jiwe ikipiga, kioo inapasuka, lakini plastiki inavutika, inameza ile nguvu, na vipande vinabaki vimeshikwa." Mimi mpika chapati nilielewa mara moja: unga mkavu hutawanyika, unga uliokandwa hunyumbuka. Lakini nani alimtuma mwenye taji akande kioo?

3. Truphena, anayeuza nyanya, alijitolea kunisaidia. Alirusha nati ya gurudumu la lori kwa mkono aliozoea kufukuzia mbuzi. Nati iligonga, ikarudi, ikaangukia nyanya zake. Sasa anasema kioo changu kina madharau.

4. Osukuku hupita kila asubuhi, hupapasa nyufa kwa kidole, husema "Bado imara" kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia, hunywa chai, huondoka. Nilimdokezea kwamba fundi ana nyundo. Alinitazama kana kwamba nimemwambia achinje ng'ombe wa jirani. "Mama Roselida, kazi ya mkono wangu siwezi kuvunja. Na kama hunitaki, sema tu." Umeona, Ndugu Mhariri? Anadhani ninamkataa. Tena amepata kazi Mbale, ng'ambo kule Uganda, na mwisho wa mwezi huu anahama.

5. Kula maneno yangu siwezi. Wale madereva watano wameyaeneza. Watu nisiowajua hushuka kwenye malori na kuniuliza, "Boss, bado?" Neno likishafika Mombasa halirudi mdomoni.

6. Wimbi nililonunua Machi kwa ajili ya pombe ya wazee limeliwa na fukusi. La Juni pia. Sasa naanika la tatu.

Kwa hivyo naomba kiwanda kitengeneze kioo dhaifu cha wajane, chenye muhuri wa kuthibitisha udhaifu wake. Naomba pia kaunti isitie lami kwenye kipande hiki cha kokoto hadi nitakapoolewa. Mwisho, naomba malori yaruhusiwe kupita hapa kwa kasi, moja likiwa limebeba mawe bila turubai. Ombi hili la mwisho laweza kuonekana kubwa, lakini nchi mbili zinazovusha sukari na simenti usiku na mchana haziwezi kushindwa kumvusha mwanamke mmoja.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na anayefagia.

Ni mimi niliyekingwa kupita kiasi,
Roselida Mugeni.

Tanbihi, Jumatano asubuhi, jua kali: Jana saa kumi jioni, nikitia sahihi hapo juu, lori tupu lilipita na gurudumu likarusha jiwe kubwa kama kiazi. Lilikuja sawasawa na jicho langu la kushoto, kwa sababu huandikia dirishani. Kioo kilialika, kikabonyea, kikalirudisha. Hakuna hata chembe iliyoingia kwenye chai.

Nilijitazama kwenye kifuniko cha sufuria. Macho bado ni mawili. Nayaondoa malalamiko yote sita na maombi yote matatu. Nilitoka, nikaliokota jiwe, nikaliingiza kwa mlango, nikaliweka mezani kwa mkono wangu mbele ya Truphena. Nikampigia Osukuku: "Jiwe liko mezani. Leta wazee Jumamosi." Akauliza limepitia wapi. Nikamwambia mchumba haulizi maswali ya fundi. Hapo akauliza kama nimeumia. Habari ya kioo aliiuliza baadaye.

Kwa hivyo lami iletwe. Shajara ya jana inaishia hivi: nimelala saa saba na robo usiku, Truphena alikataa kuacha kucheka.