Toleo Jipya kwa Misa ya Kimwani

Jumatatu, 8 Julai 2024

Ushindi! Ta Ndyamukama, mzee wa Kimwani, amenipa kazi ya kuandaa kijitabu cha Misa ya kwanza ya mwanawe, Padre Ildefons. Mimi, siyo Joanitha mwenye steshenari ng'ambo ya barabara! Nilimwambia hapa Kibeta ni mimi pekee mwenye toleo jipya la programu za ofisi. Sina. Nitakuwa nalo kesho. Kijitabu kikipendeza, kazi zote za parokia yao zitakuwa zangu.

Jumanne, 9 Julai

Kompyuta yangu ni mzee mwenye msimamo. Imekataa toleo jipya, eti nafasi haitoshi. Nimefuta picha za harusi yangu. Imekubali! Ila kufunguka ni shughuli. Nabonyeza, naenda kumenya ndizi, narudi bado inafikiri.

Alhamisi, 11 Julai

Kazi imekamilika. Safu mbili, maua pembeni! Nimempelekea Joanitha makusudi aone. Hakusifu. Aliuliza kijitabu kitachapwa wapi. Nikasema parokiani Kimwani. Akanishauri nikihifadhi kwa mfumo wa zamani, maana kompyuta yao ina programu ya miaka hiyo, mpangilio utavurugika. Wivu mtupu. Anataka maua yangu yapotee.

Jumamosi, 13 Julai

Kimwani, kwenye kompyuta ya parokia. Maua yamekuwa visanduku vitupu. Safu mbili zimeingiliana, maelekezo mengine ya waumini yamepanda juu ya mahali pake. Ta Ndyamukama, aliyesimama nyuma yangu, aliuliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nikamjibu huo ndio mtindo wa mjini sasa. Tumechapa nakala mia nne.

Jumapili, 14 Julai

Mtu wa Kimwani akipewa karatasi na kanisa, anaitii. Mara baada ya Injili, penye mahubiri, kijitabu kilisema: wote walete vipaji kwa shangwe. Padre Ildefons akafungua kinywa aanze mahubiri yake ya kwanza. Waumini wakasimama! Ngoma, vigelegele, mikungu ya ndizi, mbuzi, na fahali mmoja aliyepaswa kubaki nje. Padre alijaribu kusubiri. Fahali hakujaribu. Mahubiri yakawa sentensi mbili. Nilijificha nyuma ya kwaya, nimeona aibu kweli, maana kijana wa watu aliyaandaa kwa miezi.

Baada ya Misa Ta Ndyamukama alinikuta kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, kazi za parokia atafanya Joanitha. Wewe kunywa."

Nikanywa.

Jumatano, 17 Julai

Nimetafakari kosa liko wapi. Liko kwenye kompyuta ya parokia! Kuukuu mno. Na watu wanaisifu ile Misa, fupi na yenye shangwe. Ma Alistidia wa Kanazi anataka kijitabu cha harusi ya bintiye, na padre wao anajulikana kwa kuhubiri mpaka chakula kinapoa. Safari hii nimejipanga. Nimewahi kwa katekista wao, nikaomba ufunguo wa ofisi, niiwekee kwanza kompyuta yao toleo jipya. Ni ya zamani kuliko yangu. Nimebonyeza, ikakohoa, ikazima. Imezima tangu asubuhi. Nadhani inajiandaa.