Wenseslaus Aenda Kuposa na Mawe ya Rangi

Hapa kijijini kwetu Kilema, mlimani Kilimanjaro, hakuna mtu aliyewahi kuposa kama Wenseslaus. Aliposa mchana kweupe, mbele ya wazee, bila kumtazama mchumba hata mara moja.

Alikuwa ametoka Dar na simu ya kioo cha rangi, wakati sisi wengine bado tunatambiana kwa simu za tochi. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa mawe: mekundu, ya bluu, ya kijani. Unasogeza moja, matatu ya rangi moja yakikaa mstari mmoja yanatoweka, mengine yanadondoka kutoka juu. Basi! Lakini ukimsikiliza mwenyewe ungedhani anarusha ndege. Alisema mchezo ule unataka ubongo uliokomaa, na kwamba mabosi wa Dar huucheza kabla ya kuamua jambo zito. Mawe aliyaita kama watu: "Mwekundu wangu yuko wapi? Wa kijani, hebu shuka." Kumwomba uucheze kidogo ilikuwa kama kumwomba padre kikombe cha misa.

Siku ya posa alikwenda na mjomba wake Gidioni kwa Mzee Melkior, baba yake Theopista, na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Vijana wenyewe walishapatana. Kilichobaki ni ridhaa ya mzee, na mzee huyo alishawafukuza wachumba wengine kwa kosa la kukosa haya. Njiani mjomba alimwonya kwamba mazungumzo yote ni yake. Kazi ya Wenseslaus ni kuinamisha kichwa, na akiulizwa aitikie ndiyo.

Kuinamisha kichwa! Hakuna agizo lililowahi kupokelewa kwa furaha kiasi hicho. Wenseslaus akajibanza kwenye kona ya kochi, koti la kuazima likafunika magoti, na chini ya koti ikawaka simu, sauti ameizima.

Mambo yakaenda vizuri ajabu. Theopista akapita akigawa mbege kwenye vibuyu. Wenseslaus akapokea chake bila kuinua macho. Shangazi Mektrida, dada yake mzee, akanong'ona kwamba vijana wa Dar humkodolea mtu macho kama trafiki, lakini huyu kainama kama yuko kwenye kitubio. Mzee Melkior akaguna kwa kuridhika. Gidioni akavimba kama andazi.

Kule chini ya koti, lilibaki jiwe moja tu jekundu ili Wenseslaus avuke hatua ambayo hajawahi kuivuka.

"Kijana," Mzee Melkior akasema kwa upole, "nataka nisikie kwa mdomo wako. Una nia na binti yangu?"

"Ninao wawili tayari," Wenseslaus akajibu, sauti ya mtu aliye usingizini. "Nikimpata huyu wa tatu, nimemaliza."

Mbuzi wa nje alisikika akitafuna.

"Hao wawili wako wapi?" mzee akauliza.

"Wako kona, huku chini."

Mjomba akamfinya paja. Hakuhisi.

"Na huyu wa tatu ukishampata?" shangazi akauliza.

"Wote wanapotea. Naletewa wengine."

Shangazi Mektrida akafanya ishara ya msalaba. Gidioni akaingiza mkono chini ya koti, akaichomoa simu na kuiinua juu, akaanza kueleza huku jasho likimtoka kwamba wanaosemwa si wanawake, ni mawe. Mzee akaipokea, akaishika mbali na macho, akaitazama weee, akabonyeza hapa na pale. Hatimaye akatamka kwamba kumbe ni upuuzi tu, wala si uasherati, na upuuzi husameheka. Gidioni akaanza kupumua. Posa ilikuwa imepona.

Ndipo Theopista akaita kutoka nyuma ya pazia la mlango. Alisema naye ana swali.

"Wenseslaus, mbege nimekupa kwa mkono wangu. Nimevaa gauni la rangi gani?"

Bingwa wa rangi akainua macho. Akatazama dari. Akamtazama mjomba, ambaye naye alikuwa anatazama dari. Akasema jekundu. Pazia halikusogea. Akasema labda la bluu. Akamalizia na kijani, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayebahatisha katekisimu.

Theopista akatoka. Gauni lilikuwa la njano, jipya, limeshonwa Moshi mjini kwa ajili ya siku hiyo hiyo, na maua yake yalikuwa makubwa kama sahani. Hakulia wala hakufoka. Alilivuta lile debe la mbege lililobaki nusu, akalifunika vizuri kwa majani ya mgomba, akaliweka miguuni pa Wenseslaus. Mzee Melkior akamrudishia kijana simu yake, akaaga, akaenda kuwatazama ng'ombe wake.

Kwetu hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Pombe ya posa ikirudishwa, na mposaji amerudishwa.

Gidioni alikataa kuligusa debe. Alitangulia peke yake, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi. Nyuma yake Wenseslaus akateremka mlima na debe kichwani, mikono yote miwili imelishika, mbege ikimchuruzika shingoni, na ilikuwa siku ya soko. Njia imejaa kina mama wanaopandisha na mizigo yao. Ilimbidi awaamkie mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo bibi, shingo wima, akiwatazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje kutoka Dar.

Bibi mmoja akasimama, akatua mkungu wake wa ndizi, akalichunguza debe.

"Mbona mbege inateremka, mjukuu wangu? Huko juu siku hizi hawanywi?"

"Wanakunywa, bibi," Wenseslaus akajibu. "Ila ya kwangu wameshiba."