Taya la Kupokelea Washenga

Jumatatu, 9 Juni

Picha za kipaimara cha Donatus zimefika. Mama Donatus, jirani yangu, katoka na taya kama limechongwa. Mimi? Kidevu kimehamia shingoni, mdomo wazi. Kaniuliza mbele ya watu kama nilikuwa naimba au nasubiri kulishwa. Mwanamke yule! Na Jumamosi Selestine na washenga wake wanakuja kumposa binti yangu Lusia. Picha zitapigwa tena. Bahati nzuri nimeona video kwenye simu: ulimi ukae juu kwenye kaakaa, mdomo ufungwe, upumue kwa pua. Taya litajitokeza lenyewe. Bure kabisa! Nimeanza.

Jumatano, 11 Juni

Ulimi hautulii. Ukiusahau kidogo tu, umeshuka. Nimeubandika kwa bigijii, ile ya kutafuna. Ndiyo maana Lusia ana akili, kazirithi kwangu. Yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Bugarama nzima inajua, nimewaambia mwenyewe. Kanikuta, akasema ulimi hupumzika juu taratibu, hausukumwi, na meno hayabanwi. Eti taya la mtoto bado linakua, langu ni tofali lililokwishachomwa. Eti niihangaikie pua yangu iliyoziba kwa vumbi, ikaangaliwe. Anaongea vizuri mwanangu! Nimemjibu, "Mm."

Alhamisi, 12 Juni

Taya linauma hadi sikioni. Ugali nimeuangalia tu. Lakini maumivu si ndiyo dalili kwamba linachomoza? Baba Lusia anasema nyumba haijawahi kuwa tulivu hivi, nisiache dawa.

Jumamosi, 14 Juni

Ole wangu! Wamekuja asubuhi. Gauni jipya, kidevu juu, bigijii mbili. Selestine kapiga goti: shikamoo mama. "Mm." Karudia. "Mm." Mshenga, mzee wa heshima zake, akajaribu Kisukuma: mwangaluka, mayu! "Mm." Na pua nayo ikaziba, ikakoroma kama mashine ya kusaga. Soda zikabaki na vizibo vyake. Nani anywe kwa mtu asiyepokea salamu? Mzee akasimama. Akasema wameelewa, mama mtu hawataki, asanteni. Kofia kichwani, wakatoka. Lusia kaniangalia. Macho yale! Yamejaa maji.

Nikatoka mbio. Kandambili moja ikabaki mlangoni. Bigijii zikabanduka kwa makelele: "Marahaba, baba! Marahaba! Mwangaluka!" Hadi bodaboda waliojipitia zao niliwaitikia. Mzee akacheka mpaka akashikilia fimbo kwa mikono miwili. Wamerudi. Soda zimefunguliwa. Mwanangu kaposwa!

Jumapili, 15 Juni

Picha zimefika. Niko katikati ya barabara, mdomo wazi hadi koromeo linaonekana. Mama Donatus kasema afadhali zile za kipaimara. Lusia kaniapisha kesho twende nikaangaliwe pua. Nitakwenda, mtoto msomi hakataliwi. Ila kosa nimeshaligundua: bigijii zilikuwa laini. Nimepata ngumu. Sendofu, sherehe ya kumuaga Lusia, ni Agosti, na safari hii nimejipanga. Shikamoo zote ataniitikia Mama Donatus. Nimemwomba, kakubali hapo hapo. Mdomo wake haujawahi kufungika.