Nimezimia Kwenye Msiba wa Watu

Leo nimeaibika mbele ya jeneza, na mashahidi ni kijiji kizima.

Asubuhi nilikwenda Mvumi kumzika Mzee Gaspari, mkulima wa mpunga wa huko. Nilimwona mara mbili tu maishani mwake, zote alipokuja sokoni Kilosa kununua ndoo kwangu. Lakini kikundi chetu cha akina mama kina zamu za misiba, na leo zamu ilikuwa yangu. Mume wangu akanisindikiza. (Nilimshukuru sana. Baadaye nilitamani angebaki nyumbani.)

Kuna jambo nilikuwa nimelificha. Mwezi uliopita daktari mmoja wa Mikumi aliniambia kuna sehemu ndogo sana juu ya moyo, upande wa kulia, ambayo ndiyo inaamuru kila pigo. Yangu imechoka. Mara inaamuru polepole, mara inanyamaza sekunde kadhaa, kisha inaendelea kama hakuna kilichotokea. Ikinyamaza, damu haifiki vizuri kichwani, naanguka. Akasema nahitaji kuwekewa kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na bega, kiwe kinausukuma moyo pale amri inapochelewa. Nikamjibu nitafikiria. Nyumbani sikusema neno. Sikutaka kushikwa kama yai, kila nikiinua ndoo mtu ananipokonya.

Basi tukaitwa kutoa heshima za mwisho. Nilikuwa nimekaa mkekani muda mrefu. Nikasimama, nikafuata mstari, nikafika kwa marehemu, nikainama. Macho yakaingia giza. Nikamlalia.

(Ndiyo, jeneza lilikuwa wazi. Naomba tusiliongelee zaidi.)

Na mnajua kwetu kuzimia msibani kuna wenyewe: mjane, watoto, labda dada wa marehemu. Muuza ndoo hazimii.

Nilipozinduka nilikuwa kwenye mkeka wa wafiwa, ubavuni kwa mjane, nimefungwa kanga kiunoni. Mama mmoja ananipepea. "Pole dada, jikaze. Mungu kampenda zaidi." Mwingine nyuma yake, bila hata kunong'ona: "Kumbe mzee alikuwa na nyumba ndogo Kilosa."

Kaka mkubwa wa marehemu akaniinamia.

"Shikamoo baba," nikasema, nikiwa chali. (Adabu haizimii.)

"Marahaba. Marehemu alikuwa nani kwako?"

"Mteja."

Akina mama wakaguna wote kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu. Amesimama kando ya turubai, kofia mkononi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijawahi kumwona na sura ile. Wa sokoni wakinisema nitawajibu, mdomo ninao. Lakini yule akirudi nyumbani na shaka, nitaishi naye vipi? Niliogopa kweli.

Nikainuka. Nikachukua kipaza sauti kwa mwenyekiti wa kitongoji, hakunipa, nilichukua.

"Jamani, mimi si mke wa mtu hapa zaidi ya yule mwenye kofia. Moyo wangu una hitilafu. Mapigo yanakatika, naanguka. Ningeweza kuangukia hata mbuzi."

Nikaeleza yote, na sehemu ndogo, na amri, na kifaa. Katekista akafunga kitabu chake akanisikiliza. Nilipomaliza, sauti ikatoka nyuma: "Wakikamatwa wote huwa wagonjwa."

Ndipo mjane, Bi Skola, akanyoosha mkono. Yeye ni mkunga mstaafu. "Nipe mkono wako. Na nyie nyamazeni."

Akaweka vidole juu ya kifundo, akawa anahesabu kwa midomo. Midomo ikasimama. Akanitazama, akasubiri. Midomo ikaanza tena.

"Ni kweli, yanaruka," akasema. "Na mimi nilishangaa. Gaspari alikuwa akisalimiwa na mwanamke anatazama chini. Nyumba ndogo angeipatia wapi huyu?"

Akacheka kidogo, kisha akanilalia begani akalia sana. Nikalia naye. Wakati huo nililia kihalali kabisa.

Tulirudi Kilosa na mume wangu. Mlangoni ndipo akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya ndoo."

"Ningekunyang'anya, ndiyo." Akavua kofia. "Jumatatu tunakwenda Mikumi."

Kifaa nimekubali. Ndoo siachi, na nimemwambia hivyo hivyo.

Haya, chekeni, najua mmeshaanza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Wangeniambia mapema kwamba kinaweza kuwa kilio cha mtu mwingine.