Malalamiko Dhidi ya Unga Unaokataa Maji Moto

Karakana ya Anyona,
Tabaka.

Kwa Dkt. Obwocha,
Mkuu wa Idara ya Kemia.

Daktari, salamu nyingi. Natumaini idara yako ni nzima. Karakana yangu si nzima, na chanzo ni unga uliotoka kwako.

Mimi ni mchongaji wa mawe ya sabuni. Nilianza na kisu cha kuazima. Leo nina akina mama kumi na mmoja wanaosugua vinyago kwa msasa ndani ya maji. Maji hayo hugeuka meupe kama maziwa kwa vumbi la mawe, kisha huteremka hadi kwenye migomba ya jirani yangu Nyabuto. Mzee wa kijiji ameonya: yakiteremka meupe tena Ijumaa ijayo, karakana inafungwa. Ndipo Purity, binti wa dada yangu na mwanafunzi wako, akaniletea unga wa kunasa vumbi. Nalalamika hivi:

1. Unga wenu hauna adabu mbele ya moto. Sukari, kakao, chumvi, vyote hulegea vikiona maji moto. Purity alinieleza nitumie maji baridi. Nikajua ni uchovu wa masomo. Kwetu hata mgeni tusiyempenda hapewi kitu cha baridi. Nikachemsha lita ishirini, nikaumimina. Ukashikana madonge, ukang'ang'ania mwiko. Nyakerario, mkubwa wa wasuguaji, akawatangazia wenzake ati bosi amewapikia mawe ugali, sasa nani analeta mboga?

2. Nilipompigia Purity simu, alisema kila chembe ya unga huo ina matawi mengi kama mchai uliopogolewa vizuri. Kwenye baridi, matawi hushikana mikono na maji. Joto likipita digrii thelathini na mbili, huyaacha maji na kushikana yenyewe kwa yenyewe. Daktari, tabia hiyo tunayo ya kutosha. Kampeni zikipamba moto, watu tuliokunywa nao chai miaka minne hurudi kwa ukoo wao. Hatukuhitaji chuo kikuu kitutengenezee nyingine ya unga.

3. Maji yakipoa, unga unayeyuka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Hata pole hausemi.

4. Kwenye thelathini na moja ni mpole, kwenye thelathini na tatu umebadilika. Digrii mbili tu! Hata mteja wa Keroka anayetaka kupunguziwa bei hunionya zaidi ya hapo kabla hajafoka. Na ukiutia chumvi, Purity anasema, hukasirika mapema zaidi.

Kwa hivyo naomba unga huo ufundishwe kuyeyuka kwenye moto kama vitu vingine vilivyolelewa. Ikishindikana, ukatwe matawi yote, ubaki fimbo. Hilo nalo likishindikana, Idara iiagize Tabaka isizidi digrii thelathini na moja, na jua lijulishwe mapema kwa maandishi. Purity naye asihitimu hadi asugue madonge yote yatoke kwenye sufuria ya mke wangu.

Nisalimie wahadhiri, makarani, na hasa yule anayeosha vyombo vya maabara. Huyo atanielewa.

Wako aliyechoshwa na maji meupe,
Mose Anyona

Nyongeza: Leo Ijumaa asubuhi nilikoroga unga uliobaki kwa maji baridi, nikaugawa kwenye makarai yote ya maji meupe, ili nikupigie picha ya ushahidi. Nikayaacha juani yapite hizo thelathini na mbili. Saa nane Nyabuto akafika na mzee wa kijiji, na kufuli mkononi. Vumbi lote lilikuwa limelala chini, limenaswa kwenye madonge. Maji ya juu yalikuwa maangavu, unaona hadi chini ya karai. Nyabuto akachovya kidole, akakitazama pande zote, akauliza ni nani amenifundisha. Nikamwambia nimejifundisha mwenyewe. Wakaondoka na kufuli lao.

Basi maombi yote hapo juu yasitishwe, matawi yasiguswe, na Purity aje na gunia zima. Barua ningeichana, lakini nimeshaipiga mhuri.