Majani Aliyonyimwa Bibi

Jumatatu, 7 Oktoba

Kuanzia leo naandika kila kitu. Nyumba hii ina jambo.

Bibi ana vali ya chuma moyoni, mwaka wa pili sasa. Chumba kikitulia unaisikia: tik, tik. Kila jioni anameza kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye chuma hicho. Jumamosi anapimwa damu. Kipimo kikiwa kibaya, daktari hatamruhusu kwenda Sopore kwenye harusi ya shangazi Shamima, kitinda mimba wake, aliyekataa wachumba saba. Bibi ameshashona nguo.

Nimesoma kijitabu cha kliniki. Ukurasa wa tano: mboga za majani hupunguza nguvu ya kidonge. Chini yake kuna maandishi madogo sana. Sikuyasoma. Huwa ni anwani ya mchapishaji.

Na sisi tunakula haak, sukuma wiki ya kwetu, mchana na jioni! Majani matupu! Nilimshuku mama, kwa kuwa ndiye mpishi. Kisha nikamshuku Mama Zooni, jirani. Kila asubuhi anatupitishia fungu la haak juu ya ukuta. Bure. Nani hutoa kitu bure?

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepiga marufuku haak. Mama alikubali mara moja. Alisema mwenye kusoma ni mimi. Hata chumvi, ambayo kwetu hutiwa kwenye chai na kijitabu kinasema ni mbaya kwa moyo, nimeificha nyuma ya vitabu vya jiometria.

Chakula cha mchana: wali na figili. Bibi alitazama sahani, akauliza nani amekufa. Akasema hata mwaka wa mafuriko haak ilikuwepo. Kisha akaniambia, mbele ya baba, kwamba mimi, mke mwenziwe, nimeanza kumtakia njaa ili nimrithi mume. Babu alishafariki! Masikio yaliwaka moto.

Jumatano, 9 Oktoba

Bibi amekuwa mpole. Mpole mno.

Nilijificha nyuma ya magodoro. Saa nne akatoka kwenda ukutani, nami nikamfuata kwa mlio wa tik, tik. Alikuwa anamsihi Mama Zooni amrushie walau majani mawili. "Shoga, nimewekewa polisi ndani!"

Nilijitokeza kwa kishindo. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikatoa salamu tu. Mama Zooni akauliza kama nina homa. Nilichukua fungu, nikampa ng'ombe wake mwenyewe. Sidhani kama alifurahi. (Mama Zooni. Ng'ombe alifurahi.)

Ijumaa, 11 Oktoba

Bibi amepiga mswaki na fizi zimetoka damu. Nyingi. Haikukoma upesi. Mkononi ana doa jeusi kama zambarau na hakumbuki kujigonga. Niliogopa.

Halafu akili ikarudi. Amekula haak kwa siri!

Nilipekua chini ya godoro, kwenye mikono ya joho lake la baridi, hata ndani ya kikapu cha makaa. Nilipata peremende mbili. Jani, hakuna. Anaficha kwa ustadi mkubwa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Aibu.

Kipimo kilitakiwa kiwe karibu na tatu. Kimekuwa tano na nusu. Daktari Andrabi akauliza nini kimebadilika nyumbani. Bibi akaninyooshea kidole: "Muulize afande."

Daktari alifungua kijitabu ukurasa wa tano, akaniamuru nisome maandishi madogo kwa sauti. Benchi zima lilisikia. *Usiache mboga za majani ghafla. Kula kiasi kile kile kila siku.* Kumbe kidonge kilipimwa pamoja na haak ya Bibi. Nilipoiondoa, kidonge kikazidi nguvu, damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Angeanguka tu ngazini, alisema daktari, damu ingevujia kichwani.

Kidonge cha leo aruke. Haak irudi. Chumvi ibaki kidogo. Hapo nilikuwa sahihi, ila hakuna aliyenipongeza. Kipimo tena Ijumaa, siku mbili kabla ya harusi.

Njiani Bibi alinishika mkono. Hakunigombeza. Nililia ndani ya kola ya sweta.

Ijumaa, 18 Oktoba

Tatu kamili! Bibi anakwenda harusini! Alimwombea daktari dua mpaka wagonjwa wengine wakaanza kunung'unika.

Kisha akampa kifurushi cha gazeti. Kijani kilichungulia. Haak ya Mama Zooni!

Sasa naelewa. Nani aliamuru haak irudi? Daktari. Nani kapewa haak bure? Daktari.

Na "kiasi kile kile" ni kiasi gani? Harusini hakuna anayepima. Nimechukua mizani ndogo ya baba ya kupimia zafarani, nimeishona ndani ya joho langu. Nitakula sahani moja na Bibi. Kila jani litapita kwangu.

Kijitabu nimekisoma chote safari hii, maandishi madogo na yote. Isipokuwa yale ya nyuma ya jalada. Yale kweli ni anwani.