Msimamizi wa Vifurushi Ameanguka

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Siku njema kwangu, mbaya kwa kampuni. Kompyuta ya lebo imekorofisha! Bila lebo hakuna kifurushi kinachotoka stoo, na kampuni ya kusafirisha vifurushi isiyosafirisha vifurushi ni jengo tu lenye ngazi.

Chanzo hakijulikani. Ndivyo nilivyowaambia wote. Ukweli ni kwamba asubuhi mashine ilikuwa katikati ya kupakia programu mpya ya printa, nami nikachomoa waya wake ili nichomeke pasi. Kola ilikuwa imejikunja. Mtu hawezi kwenda kutafuta cheo na kola ya namna ile.

Sasa tatizo. Kwenye mfumo wa mashine hii kila programu huja imefungwa kama furushi, na kuna programu moja kubwa inayoyapokea mafurushi, kuyafungua na kuyapanga. Hiyo ndiyo inayokufa. Naiamsha, inaandika mstari mmoja, kosa la mgawanyo wa kumbukumbu, inazima. Naiamsha tena, inazima tena. Raha iliyoje! Kwani hapa ofisini hakuna anayelijua dirisha lile jeusi la kuandikia amri isipokuwa mimi, na mimi nalijua kidogo sana, ila hilo hawalijui.

Mpango wangu ni chumba cha chini ya ngazi. Kina mlango. Kwa sasa kinalala mafagio. Mhasibu anakitaka, eti hesabu zinahitaji utulivu. Nikiifufua mashine mbele za watu, nitapewa cheo cha Mkuu wa Mitambo na ufunguo wa chumba, na mhasibu ataendelea kuchomwa na jua pale dirishani.

Mama Mkurugenzi yuko tawi la pili wiki nzima. Anataka ripoti kila jioni kwa ujumbe wa simu, kwa Kiswahili sanifu, neno la kigeni lisipenye hata moja. Mhasibu aliwahi kurudishiwa ripoti yake kwa sababu ya neno "risiti". Mimi simo. Nimetafsiri kila kitu. Ile programu nimeiita kwa jina lake halisi, msimamizi wa vifurushi, na kwa kuwa msimamizi ni ngeli ya watu, nimempa "a" yake kwa heshima zote. Nimeandika: "Msimamizi wa vifurushi ameanguka. Nilimwinua, akaanguka tena. Sababu iliyotajwa ni kosa la mgawanyo. Nitamchunguza zaidi kesho."

Fupi, safi. Nimeisoma mara kadhaa kwa sauti.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Mama Mkurugenzi amejibu. Anatoa pole, anauliza kama amepelekwa hospitali. Sikujua kama mama yule ana utani! Nimemjibu kwamba hospitali haihitajiki, nitamtibu mwenyewe hapa hapa mezani.

Mchana likaja kapu la matunda kutoka tawi la pili, limeandikwa "Kwa msimamizi wa vifurushi, ugua pole." Likapelekwa kwa shemeji. Ni sawa, kwani shemeji, mume wa dada yangu, ndiye msimamizi wa vifurushi wa kampuni. Wiki iliyopita alijikwaa ngazini, akadhani habari ndiyo imefika juu. Aliguswa sana. Alisema kumbe wakubwa wanatuona.

Shemeji ni mtu mwema, tatizo lake ni hilo tu. Ndiye aliyeniingiza kazini, akanitambulisha kama jirani kwa sababu kampuni haipendi ndugu kwa ndugu. Na kwake ndiko ninakolala, chumba cha wapwa zangu, kitanda cha juu. Tulipofika nyumbani kapu likashambuliwa. Niliwahi papai moja, nikalifungia ndani ya sanduku langu la nguo chini ya kitanda. Wale watoto hawana huruma.

Kuhusu mashine, hatua kubwa. Kila nikiamsha ile programu inadai kuna mwenzake tayari kazini aliyefunga mlango kwa ndani. Nikamtafuta huyo mwenzake, nikamuua kwa amri. Akazuka. Nikamuua tena. Akazuka tena! Halafu kuna zile programu ndogo zinazotegemeana, nyingi zimevunjikavunjika. Nimeripoti yote kwa ufasaha: "Msimamizi wa vifurushi ameshikilia kufuli na hataki kuliachia, ingawa hafanyi kazi yoyote. Ana wategemezi wengi mno, na kadhaa wamevunjika. Nimejaribu kumuua mara mbili bila mafanikio."

Mhasibu alichungulia begani kwangu akaniuliza kama kweli najua ninachofanya. Nikamwambia akahesabu kalamu zake.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Jibu la Mama Mkurugenzi limekuja alfajiri, refu. Ananikataza kabisa kutumia nguvu. Anasema nimwachie mlinzi. Nguvu gani tena? Natumia vidole viwili. Na mlinzi atajua nini kuhusu mashine, yeye ambaye simu yake anawashiwa na mkewe?

Lakini kuna jambo baya zaidi. Asubuhi mlinzi alimfuata shemeji mbele ya wapakiaji wote, akamwomba ufunguo wa stoo. Amri kutoka juu, alisema, bila kumtazama usoni. Wakabadilisha kufuli pale pale. Shemeji alikaa kwenye benchi la wateja kutwa nzima, mikono mapajani, na wateja wakawa wanamuuliza kama foleni inasogea.

Kuna mtu amemchongea shemeji yangu! Nani mwenye roho ngumu hivyo? Namjua. Ni mhasibu. Nimeapa nitamfichua hata kama itanigharimu.

Jioni dada hakula. Alisema mumewe akimwaga unga na nyumba imekwenda, kwani ni nyumba ya kampuni. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, watoto wasisikie, lakini yule mkubwa alisikia na akaacha kutafuna. Nilijisikia vibaya sana. Sisemi uongo. Hawa ndio watu wangu wote.

Basi nimebadili mpango. Chumba cha ngazi kitasubiri. Nitaiponya mashine, nipate sikio la Mama Mkurugenzi, kisha nimtetee shemeji. Na leo nimegundua ugonjwa wenyewe! Ile programu hujiwekea akiba ya orodha za mafurushi ndani kabisa, mahali pa kificho, ili isizitafute upya kila mara. Nilipochomoa waya, ilikuwa inaandika hiyo akiba. Ikaharibika. Sasa kila ikiamka inaisoma na kuanguka. Nimeripoti mara moja: "Chanzo kimepatikana. Msimamizi wa vifurushi ana akiba aliyoificha ndani kabisa, na imeoza. Ikibidi, tumwondoe kabisa tuweke mwingine." Nikaongeza kiungwana kwamba, nje ya mada hii, ninaye shemeji mwaminifu anayeonewa na wenye chuki, naomba amtazame kwa jicho la huruma.

Amejibu kwamba shemeji yangu atasubiri, kwanza amalizane na msimamizi wa vifurushi. Yule mama anajali mashine kuliko watu.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Asubuhi mlinzi na mhasibu wamekuja nyumbani kupekua. Nyumbani! Eti wanatafuta akiba iliyofichwa. Mhasibu, nani mwingine, alikuwa ameshika tochi mchana kweupe.

Dada alisimama mlangoni na kuwaambia waanze na dhamiri zao. Walianza na kabati. Wakaenda jikoni, wakafunua sufuria moja moja. Kisha chumba cha watoto. Mhasibu akainama chini ya kitanda, akavuta sanduku langu, akalifungua, akarudi nyuma ameziba pua.

Papai. Lilikuwa limepasuka juu ya shati langu la pili.

Wakatazamana. Mhasibu akasema imefichwa ndani kabisa, mlinzi akamalizia kwamba na imeoza. Sikuelewa kwa nini papai liwashtue hivyo. Wakapiga simu pale pale, na shemeji akaambiwa kazi hana na nyumba aiache kabla ya mwisho wa mwezi. Shemeji alisema hajui papai lile limefikaje pale. Mimi nilitazama dirishani. Ningesema, lakini mtu unaanzaje?

Dada ameanza kukunja mapazia. Mpwa mdogo ameniuliza kama huko tutakakohamia kuna kitanda cha juu. Nimemwambia kipo, nikatoka nje nikasimama ukutani.

Ripoti sikuandika. Lakini hasira ninazo. Kesho mashine itapona, na mhasibu ataumbuka.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Imepona!

Amri yenyewe ni ya mstari mmoja. Nilifuta akiba yote, nikaondoa kufuli, nikaiambia ijenge orodha upya. Ikafikiri. Ikapanga. Haikuanguka! Printa ikatema lebo mpaka zikagusa sakafu, wapakiaji wakapiga makofi, na mimi nikainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyezoea. Nikaripoti: "Msimamizi wa vifurushi amefufuka. Nimemvunja kufuli, nimemfuta akiba, nimemrudisha kwa wategemezi wake. Hivi sasa yuko stoo anafanya kazi kuliko zamani."

Haikupita muda gari la Mama Mkurugenzi likaingia. Alipanda ngazi bila kusalimia mtu. Aliingia stoo akauliza yuko wapi. Nikauliza nani. Akasema msimamizi wa vifurushi, yule aliyefukuzwa jana, nani amemruhusu kurudi? Nikaipigapiga kompyuta mgongoni na kusema huyu hapa, Mama, mzima kabisa.

Shemeji alikuwa mlangoni. Alikuja kurudisha koti la kazi, amelikunja vizuri, vifungo vyote vimefungwa. Mama Mkurugenzi alimtazama yeye, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Kisha akatoa simu na kuanza kusoma ripoti zangu kwa sauti, ya Jumatatu kwanza. Kwa mara ya kwanza nilizisikia kwa masikio ya mtu mwingine. Alipofika kwenye wategemezi waliovunjika, mhasibu alivua miwani akajifuta machozi ya kicheko. Alipofika nilipojaribu kumuua, wapakiaji walikaa chini.

Shemeji hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, kwa upole, kama papai lilikuwa langu. Nikasema ndiyo.

Amerudishiwa kazi, ufunguo, nyumba na samahani ya hadharani. Mimi nilikuwa nafukuzwa. Hapo shemeji akasema kijana huyu si jirani, ni ndugu wa mke wake, na kama ni kudanganya kampuni basi tumedanganya wawili. Akasema ananidhamini. Mama Mkurugenzi akakubali kwa sharti moja. Ripoti nyingine ya namna hii, na tunaondoka sote, mdhamini na mdhaminiwa, na nyumba juu yake. Nilienda nyuma ya printa nikalia kidogo. Sijawahi kutetewa hivyo na mtu niliyekula matunda yake.

Chumba cha ngazi kapewa mhasibu. Dada amerudisha mapazia. Hanisemeshi, lakini amenipakulia.

Mama Mkurugenzi pia alitoa agizo: kuanzia leo kitu cha mashine kisipewe ngeli ya watu hata siku moja. Kosa lilikuwa hilo tu, basi. Sarufi.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Kompyuta ya lebo imetoa moshi. Chanzo hakijulikani. (Pasi inavuta umeme mwingi kuliko nilivyodhani, hasa ikichangia soketi na mashine.)

Sikutetereka. Nilifungua kifuniko mwenyewe. Lile bamba kubwa la ndani, ambalo vitu vyote vimepachikwa juu yake, limebabuka. Mafundi hulipa jina la mzazi wa kike, kwani ndilo linalobeba vingine vyote. Nimelitafsiri kwa usahihi: bodi ya mama.

Bahati imeniangukia, maana leo wakubwa wote wapo. Bodi ya kampuni inakutana ghorofani, inaongozwa na mama mzazi wa Mama Mkurugenzi, bibi mwenye fimbo ambaye kila mtu humwita Mama. Nani angekosa nafasi kama hiyo? Nikaandika ripoti bora kuliko zote maishani mwangu. Ngeli nimeichunga kama mboni ya jicho, hakuna "a" hata moja. "Bodi ya Mama imezeeka, imejaa vumbi, na inanuka. Inakula nguvu nyingi bila kuzalisha chochote. Kuitengeneza ni kupoteza muda. Napendekeza ing'olewe leo hii na itupwe jalalani, na vilivyopo juu yake visiokolewe, kwani navyo vimeungua."

Nimeipenyeza mwenyewe chini ya mlango wa kikao. Nimesikia fimbo ikigonga sakafu, nadhani ni namna yao ya kupongeza.

Sasa hivi mlinzi amekuja. Naitwa ghorofani. Shemeji naye anaitwa, haraka. Bila shaka wanataka kumshukuru kwa kunidhamini. Nimemwambia avae tai.